Mvua ya Miaka Isiyopimwa

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuwauliza watu habari za mvua ya zamani. Mvua ya kesho kila mtu ana la kusema juu yake. Mimi nilitumwa kutafuta ile iliyokwisha kunyesha, ikaingia ardhini, ikasahauliwa. Nilipomweleza shangazi yangu, alicheka mpaka akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea mchele.

"Maswali imebaishia," alisema kwa Kiswahili chake cha Kivu, yaani yamewaishia. "Sasa banauliza mpaka mvua."

"Tantine, ni kazi."

"Najua ni kazi. Nacheka tu. Nilikulipia masomo ili ukuje kuniuliza kama nililowana?"

Iliyonituma ilikuwa kampuni ya bima yenye ofisi ndogo Kamembe, ghorofani, juu ya duka la magodoro na vitenge. Kutoka dirishani niliona kituo cha mabasi, vijana wa pikipiki wakigombania abiria, na wanawake waliokuwa wakitoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Congo, na mabeseni kichwani. Vita vya ng'ambo vilikuwa vinatulia na kurudi, vinatulia na kurudi, na kila viliporudi tulivijua kwanza kwa mabeseni hayo kupungua. Nilikuwa nimesoma takwimu. Nilikuwa na mkataba mfupi na hofu nyingi. Mimi ni mtu anayefunga mlango, kisha anarudi kuhakikisha ameufunga, kisha anatembea njia nzima akiwaza kwamba labda katika kuhakikisha ndipo alipoufungua.

Mkuu wangu, mtu mpole aliyeletwa kutoka Kigali, alinieleza bima ile siku ya kwanza. Zamani kampuni hazikuwagusa wakulima wadogo, kwa sababu kwenda kukagua shamba lililoharibika ni gharama kuliko shamba lenyewe. Sasa wangejaribu njia nyingine kwa wakulima wa mpunga wa bonde la Bugarama. Chombo cha kupimia mvua kiliwekwa kwenye uwanja wa shule moja kule juu Nyakabuye, kwa sababu mvua inayoujaza mto wa bonde hunyesha huko vilimani. Mvua ikipita kiwango fulani, au ikikosekana kabisa, kila mwenye bima analipwa bila mtu yeyote kwenda kuangalia shamba lake. Kiwango hicho kilitafutwa kwenye kompyuta, kwa kuangalia miaka iliyopita: mvua mbaya ilikuja mara ngapi, na kwa ukubwa gani.

"Kwa hiyo tunahitaji kukumbuka vizuri," aliniambia. "Asiyekumbuka hajui aogope kiasi gani."

Lakini kumbukumbu ile ilikuwa na shimo. Kituo cha zamani kilichopima mvua ya upande wetu kilinyamaza mwaka wa mauaji ya kimbari. Waliokihudumia, wengine waliuawa na wengine walikimbilia Congo. Miaka iliyofuata watu walivuka mpaka kwenda na kurudi, vita vikavuka pamoja nao, na mvua ikaendelea kunyesha bila mtu wa kuipima. Kompyuta haipendi shimo. Mtu fulani kabla yangu alikuwa ameijaza miaka hiyo kwa wastani wa miaka mingine, kila mwaka sawa na mwenzake. Nilipoitazama kwenye kioo, mistari ya miaka mingine ilipanda na kushuka kama vilima vyetu, halafu katikati palikuwa na mstari ulionyooka kabisa. Miaka ya vita ndiyo miaka pekee iliyoonekana tulivu.

Nilimwonyesha mkuu. Aliitazama kwa muda, akakuna kidevu.

"Basi nenda uwaulize waliokuwepo," alisema.

Mmoja wa waliokuwepo ni shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ndiye aliyenilea. Ukoo wetu uliishi upande wa Congo tangu wakati wa babu, na tulirudi Rwanda baada ya mauaji, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Wakati huo mashamba mazuri ya bonde yalikuwa yameshapata wenyewe. Shangazi alipewa kipande cha chini kabisa, kinachopakana na mto, na wengi wa majirani zake wa huko chini walikuwa kama sisi, watu waliorudi na Kiswahili chao cha Kivu. Mashamba ya bondeni si mali ya mtu. Ni ya serikali, na ushirika ndio unaoyagawa. Ukiacha msimu upite bila kupanda, kipande chako kinapewa mwingine, na wanaosubiri ni wengi.

Mwaka ule benki ilikuwa imetangaza kwamba haitawakopesha tena wakulima wasio na bima. Shangazi alikuwa akinunua mbegu na mbolea kwa mkopo kila msimu. Bila bima asingepata mkopo, bila mkopo angepanda kwa shida au asipande kabisa, na asipopanda shamba lingeondoka. Nililijua jambo hilo tangu siku ya kwanza niliyopanda ngazi za ofisi ile. Nilijiambia kwamba halinihusu. Ni jambo rahisi kujiambia ukiwa kwenye ngazi.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze kuhusu vitalu. Mpunga hauanzi shambani. Unasiwa kwanza kwenye kitalu, mahali padogo penye matope laini, na miche ikifika kimo cha kiganja inang'olewa na kupandwa kwa mistari. Mto ulipofurika mwanzoni mwa msimu, ulibeba miche ya watu wa chini na vitalu vyao vyote. Kwa hiyo watu wa juu, wenye mashamba yaliyoinuka mbali na mto, walikuwa na desturi ya kupanua vitalu vyao kidogo kuliko walivyohitaji, upana wa mkeka mmoja hivi. Mkeka ule uliitwa kitalu cha jirani. Mto ukikaa kwao, miche ile ya ziada iligeuzwa matope. Mto ukitoka, watu wa chini walipanda juu asubuhi na kuing'oa, hata bila kubisha hodi. Mpunga ulipoanza kuiva, watu wa chini ndio waliokwenda kufukuza ndege kwenye mashamba ya juu. Nilifukuza ndege wengi sana utotoni, nikidhani ni adhabu.

Siku ya mkutano walinikusanyikia kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, saa za mchana, jua likiwa kali na mpunga umetandazwa pembeni. Kabla ya kuuliza chochote nilisimama na kusema maneno niliyokuwa nimeyarudia njia nzima kutoka Kamembe. Nilisema sikuleta msaada. Nilisema kampuni haitagawa kitu. Nilisema nataka ukweli mtupu, na kwamba mafuriko ya kuongezwa yataifanya bima iwe ngumu zaidi kupatikana. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyarwanda. Walinisikiliza kwa utulivu, kama watu wanaosubiri wimbo wa taifa uishe ili mpira uanze.

Nilipokaa, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Amesema hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, kabisa."

"Basi iko kubwa," mwenzake alisema, macho yakimng'aa.

Ilinichukua muda kuelewa. Tangu watu hawa warudi, magari mengi yalikuwa yamekuja na vijana kama mimi, wenye kalamu kama yangu. Waliandika waliofiwa, waliandika waliovuka, waliandika nyumba zilizoanguka. Kila mmoja alianza kwa maneno yale yale: hatuahidi chochote, tunakusanya habari tu. Na baada ya muda lori lilikuja na maturubai, maharage na sabuni, na waliopata ni wale ambao hasara yao ilisimuliwa vizuri. Walionyamaza kwa aibu walilala chini ya majani ya migomba. Kwa hiyo onyo langu lilikuwa, masikioni mwao, mlio wa lori likiwa bado mbali.

Wakaanza.

"Mimi mayi ilinibebea mbuzi tatu," alisema baba mmoja mrefu wa huko chini.

"Tatu?" Aliyedakia alikuwa mama mwenye shamba juu, karibu na barabara, rafiki wa shangazi na mpinzani wake wa siku zote. Sauti yake ilifika mbali kuliko kipaza sauti. "Asubuhi uliniambia moja!"

"Ilikuwa na mimba ya mapacha."

Watu walicheka. Mwingine alisema maji yalifika kwenye dirisha la nyumba yake.

"Dirisha gani?" yule mama aliuliza. "Nyumba yako iko na dirisha?"

"Pale nitaweka dirisha."

"Mademoiselle, andika: mayi ilifika pale ataweka dirisha."

Tangu siku hiyo wakaniita Mademoiselle wa mvua, na wengine bado wananiita hivyo.

Mzee mmoja akasema mto ulitoka pia msimu ule wa mabomu ya Kamanyola, ng'ambo, mpunga ukiwa unachanua. Baba wa mbuzi alikataa: ngurumo zile zilikuwa mabomu peke yake, hapakuwa na mvua. Wakabishana, kila mmoja akiiga mlio aliousikia kwa mdomo wake, mmoja akivuta na mwingine akikata. "Kama ilikuwa bomu, nani alinijazia matope ku kitanda?" mzee aliuliza mwishoni. "Bomu haijazaka mto." Nikaandika.

Shangazi alisema mwisho. Hakuongeza hata mbuzi. Alisimulia siku alipoamka na kukuta miche imekwenda, akanipandisha juu ya meza na vitabu vyangu vya shule mapajani, akatoka kwenda kutafuta jembe.

"Nakumbuka hiyo," nilisema, nikisahau kwamba nilikuwa kazini.

"Hiyo unakumbuka ni ya pili," alisema. "Mara ya kwanza ulikuwa na homa, ulilala tu. Vitabu ilikuwa mwaka uliofuata."

Nilikaa na kalamu mkononi. Maisha yangu yote nilikuwa na gharika moja kichwani, na sasa nilikuwa na mbili. Nikajiuliza ni vitu vingapi vingine nimeviweka pamoja kwa uvivu, kama ile kompyuta.

Baada ya mkutano nilirudi bondeni mara nyingi, peke yangu, nyumba kwa nyumba. Sikuuliza tena habari za mto. Niliuliza mtoto huyu alizaliwa wakati wa kupanda au wa kuvuna, ukuta huu ulijengwa upya lini, mwaka gani mlikula mihogo tu. Nililinganisha jibu la huyu na la yule. Kidogo kidogo mbuzi walifufuka. Dirisha lilitoka ukutani ambako halikuwahi kuwepo. Gharika yoyote ya mkutanoni iliyokuwa na shahidi mmoja tu niliifuta. Wakati mwingine nilifuta, nikarudisha, nikafuta tena, nikiwa nimesimama kwenye tuta huku watu wakinipita na kunisalimia.

Nilipomaliza, nilichora mstari mpya pale palipokuwa na ule ulionyooka. Ulikuwa na meno. Msimu wa mabomu ya Kamanyola ulibaki, kwa sababu watu wanne wasiopendana waliukumbuka kwa matope yale yale. Kilichonitisha zaidi kilikuwa upande wa kulia, miaka ya karibuni ambayo tayari ilikuwa na vipimo. Huko meno yalisogeleana. Nilikuwa nimeyaona kabla, lakini karibu na ule mstari tulivu yalifanana na bahati mbaya ya miaka michache. Sasa yalionekana kama jambo linaloongezeka mwendo. Wazee walikuwa wameniambia hivyo kwa maneno yao: mvua ya zamani ilikuja mapema na kukaa, kama mgeni mwenye adabu. Ya siku hizi inachelewa, halafu inamwaga yote kwa mchana mmoja, na vilima vya Nyakabuye, vilivyolimwa mpaka vileleni na watu waliobanana, havina tena cha kuishika.

Niligundua kitu kuhusu mimi mwenyewe ambacho sikukipenda. Nilitamani wawe wamedanganya. Nilikuwa nimefuta uongo mmoja baada ya mwingine kwa matumaini kwamba ukiisha, mto utatulia na shamba la shangazi litapona. Uongo uliisha. Mto haukutulia.

Mstari wa zamani ulikuwa bado umo kwenye kompyuta. Ningeweza kuuacha na kumwambia mkuu kwamba watu walisema mengi yasiyoaminika, jambo ambalo lilikuwa kweli. Niliwaza hivi: nikiuacha, kampuni itaweka bima bonde zima, mto utatoka, watalipa, utatoka tena, watalipa kwa kununa, halafu wataondoka na hawatarudi hata kwa watu wa juu. Kisha niliwaza: lakini shangazi atakuwa amepata misimu miwili. Kisha: na wale watakaokuja kuuliza baada yangu, nani atawaamini? Niliizunguka hoja hiyo kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba ya duara. Mwishoni nilimpelekea mkuu mstari wenye meno, na sijui hata leo kama niliamua au nilichoka.

Aliutazama, kisha akaniomba nitenge mashamba ya juu na ya chini.

"Ya juu tunaweza," alisema. "Ya chini, hapana."

"Hata kwa bei ya juu zaidi?"

"Bei gani? Bima ni ya jambo linaloweza kutokea. Hili la chini linatokea. Ningewatoza karibu sawa na nitakachowalipa, na hapo si bima tena, ni kuwatunzia pesa zao kwa muda." Alisogeza kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinisumbua zaidi. "Na miaka ya mwanzo kwenye mstari wako haitusaidii tena. Ile ni mvua ya nchi nyingine. Kila mwaka mpya ukiingia, naiamini miaka ya nyuma kwa kiasi kidogo zaidi. Nikiyaacha yote ya zamani na kubaki na haya ya karibuni, nitaondoka bondeni kabisa. Kwa hiyo usiniombe niwe makini sana."

Nilikwenda kumwambia shangazi mwenyewe, kabla ushirika haujabandika tangazo. Nilimkuta akimenya mihogo mbele ya nyumba. Nilieleza kwa urefu, kwa sababu nikiwa na hofu naeleza kwa urefu. Alimenya mihogo mitatu kabla sijafika mwisho.

"Kwa hiyo ni sababu ya yale tulisema," alisema.

"Hapana, tantine. Hata mngenyamaza, miaka ya karibuni peke yake..."

"Tungenyamaza, wangejua?"

"Wangechelewa kujua."

"Kuchelewa," alisema. "Mwanangu, mimi natafutaka kuchelewa tu. Kila msimu natafuta kuchelewa." Akachukua muhogo mwingine. "Na wa juu banapata?"

"Wanapata."

"Ni muzuri kwao," alisema, na nilimwamini, na ndiyo maana nilishindwa kuendelea kukaa.

Msimu uliofuata alipanda bila mkopo. Alitumia mbegu aliyoiweka kutoka kwenye mavuno yake mwenyewe, na mbolea ya mbuzi. Mimi mkataba wangu uliongezwa. Nilishuka bondeni mwanzoni mwa mvua kupeleka karatasi za watu wa juu, na nilipokuwa natembea juu ya tuta kuu niliona kitu ambacho kwanza sikukielewa. Vitalu vya juu vilikuwa vidogo. Vilikuwa nadhifu, vya mraba, kingo zimenyooka. Benki ilikuwa imewapa mbegu bora kwa kipimo cha shamba la kila mmoja, na fundi wa ushirika alikuwa amewafundisha kusia kwa kipimo hicho, isipotee hata konzi moja. Hapakuwa na mkeka wa ziada mahali popote. Hakuna aliyekuwa amekaa na kuamua kuwanyima watu wa chini. Hapakuwa na mkutano juu ya jambo hilo. Mkeka ule haukuwa umeandikwa mahali, kwa hiyo haukupewa mbegu.

Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka kama kwenye hesabu zangu zote niliwahi kuuliza kuhusu mkeka. Sikuuliza. Niliuliza mvua tu.

Mto ulitoka siku chache baada ya shangazi kupanda. Ilinyesha mchana mmoja tu, huko juu. Bondeni tuliona anga jeusi upande wa Nyakabuye, na jioni maji yalikuja yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvua kwenye chombo cha shuleni ilipita kiwango. Ushirika ukatangaza kwamba wenye bima wote watalipwa, kama mkataba ulivyosema, ingawa mpunga wao wa juu ulikuwa umesimama wima, umelowa kidogo tu miguuni. Bima ilifanya kazi kama ilivyoahidi. Nilipokea pongezi za mkuu kwa simu nikiwa nimesimama kwenye shamba tupu la shangazi, matope yakinifika kwenye mashavu ya miguu.

Kamati ya ushirika ilikuwa ipite kuangalia nani amepanda na nani hakupanda. Asubuhi shangazi alipanda juu na beseni lake, kama misimu yote, na mimi nilimfuata. Nyumba ya kwanza walimwambia kwa aibu kwamba miche imeisha yote shambani. Ya pili walimwonyesha kitalu kilichobaki matope, kama vile alikuwa hawaamini. Ya tatu baba wa nyumba alitazama viatu vyangu muda wote na kusema, "Siku hizi tunasia kwa kipimo, Maman. Ni kipimo." Shangazi alishukuru kila mahali. Beseni lilibaki tupu.

Tulipofika kwa yule mama wa sauti, alikuwa ndani ya shamba lake, lililopandwa wiki kadhaa mapema, akipalilia. Alitutazama tukija, akatazama beseni.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani mto imekubeba na weye."

"Ilinionja, ikanitema."

"Iko na akili." Kisha akamwambia, bila kututazama, "Sina kitalu. Ingia humu. Ku kila shina, chomoa mbili, uache zingine. Usichomoe zote mahali pamoja, itaonekana."

"Na kampuni?" shangazi aliuliza.

"Kampuni inapimaka mvua. Haikuje kuhesabu majani yangu." Kisha akanigeukia. "Ao inakuja, Mademoiselle?"

"Haiji," nilisema.

"Basi inama, na weye una mikono."

Tulichomoa mpaka migongo ikauma. Mpunga ukishika ardhi huzaa vichipukizi pembeni, na kimoja kikitolewa na mzizi wake kinaweza kuishi kwingine, kikihurumiwa. Tulipomaliza, beseni lilikuwa na kitu, lakini lilikuwa mbali na kujaa. Shangazi alianza kushukuru, na yule mama akamkata.

"Msimu huu," alisema. "Mbele huko sijue. Niko na mkopo sasa, ninaogopa kama batu bote."

Miche ile ingetosha robo ya shamba. Shangazi hakupanda robo. Alifunga kamba kwenye vijiti viwili, akanipa mwisho mmoja, akaanza kupanda mstari baada ya mstari kwa nafasi kubwa mno, mche hapa, na mwingine mbali kabisa, mpaka shamba zima likawa na kijani kila mahali na mpunga karibu hakuna. Tulikuwa kwenye mstari wa mwisho kamati ilipotokea kwenye tuta. Walikuwa watu watatu. Hawakushuka. Mmoja aliinama kidogo akitazama.

"Maman, mpunga yako imekaa mbali-mbali."

"Fundi wenu alifundisha mpunga inataka kupumua," shangazi alisema.

Walitazamana. Mmoja wao alikuwa na shamba la chini pia, ng'ambo ya mfereji, na nilimwona akitazama shamba lake mwenyewe kwa muda. "Imepandwa," alisema. Aliyeshika kalamu akaandika, wakaendelea na njia.

Shangazi aliosha mikono kwenye mfereji, akarudi kwenye kamba, kwa sababu ulikuwa umebaki urefu wa hatua chache na alikuwa amebakiwa na miche minne mkononi. Upande wa Nyakabuye mawingu yalikuwa yanajipanga tena juu ya vilima. Nilianza kuhesabu bila kutaka: ukubwa wa wingu, saa za kushuka, mizizi ambayo ilikuwa bado haijashika chochote.

"Vuta kamba," alisema. "Usiangalie juu."

Nilivuta. Kamba ilikazika kati yetu, na akaendelea kupanda.